Mstari wa Séverin

Siku ya kura ya mchujo, mke wangu alisimama kwenye mstari wa Séverin. Sikuhadithiwa. Nilimwona kwa macho yangu, mbele ya wanachama wote, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika picha ya mgombea mwingine.

Nieleze. Kule nyumbani Kongo uchaguzi wa rais unakaribia, na ndani ya chama chetu walikuwa wawili waliotaka kupeperusha bendera: Maître Pontien, mwanasheria, na Docteur Jacques, daktari wa Bukavu. Wakubwa wa chama wakaamua kwamba hata sisi tulio nje tuchague. Afrika Kusini ikapiga kura jimbo kwa jimbo, na sheria ilikuwa kavu: atakayeshinda jimbo letu la KwaZulu-Natal analichukua zima, mwenzake hapati hata mkia. Na yule aliyeongoza kampeni ya mshindi hapa Durban ndiye anakuwa rais wa chama katika jimbo.

Kampeni ya Maître niliiongoza mimi. Ya Docteur aliiongoza Séverin. Kiti kile nilikitaka, na nilijiona nina haki nacho. Chama hapa kilianzia sebuleni kwangu, Greyville, kwenye viti vyangu, kwa chai ya mke wangu Gracieuse. Wakati huo Séverin hakuwa hata na pa kulala. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye maegesho ninapolinda magari, nikampa fulana yangu ya pili, ile ya rangi ya chungwa, nikamwonyesha jinsi ya kumwongoza dereva anayerudi nyuma. Leo ana duka la simu kule Berea. Anavaa tai siku ya Jumanne. Watu wanamwita Patron, yaani bosi. Mimi bado niko pale pale maegesho, na wananiita Ezéchiel.

Wapo wanaosema wanafurahi ndugu akipanda. Mimi nilipoingia dukani kwake mara ya kwanza nikaona kiyoyozi, niliomba kiharibike.

Kisha ikaja simu ya Gracieuse. Kioo kilipasuka, akaipeleka kwa Séverin, akarudi nayo nzima bila kulipa chochote. Haukupita muda ikakataa kuchaji. Akairudisha kule kule. Nikamwambia Durban imejaa mafundi.

"Huyu ni ndugu yako," akasema. "Ni weye ulimuleta hapa nyumbani."

"Nilimleta ale. Sikumleta azoee."

"Papa Peguy," akasema, maana huniita kwa jina la mtoto wetu, "ni simu iko inagonjwa, si mimi."

Akacheka. Tangu hapo nikaanza kukisikiliza kicheko chake. Akiongea na Séverin, kicheko kinakwenda mpaka jikoni na kurudi. Akiongea na mimi, kinaishia mdomoni. Nilijaribu kumchekesha mimi mwenyewe, nikasimulia habari ya Mzungu mmoja aliyesahau gari lake liko wapi. Akasema, "Ulishanihadithia."

Asubuhi ya kura alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Nikamuuliza atasimama wapi.

"Nitasimama penye roho yangu iko," akasema.

Nikayachukua hayo kuwa mahaba. Nikaendelea kung'arisha viatu.

Sisi hatupigi kura kwa karatasi. Karatasi zinaingia sandukuni nyingi kuliko watu, na kila mtu ameshaliona hilo kwetu. Tunapanga mstari. Kila kiongozi wa kampeni anasimama ameshika picha ya mgombea wake, na wanaomtaka mgombea huyo wanajipanga kuanzia pale. Anayehesabu ni Dominiki, Mtanzania muuza viatu vya mitumba. Si mwanachama, na Kongo haijui hata kwa dawa, ndiyo maana tunamwamini. Isitoshe ana firimbi, kwa sababu huwa anachezesha mpira.

Firimbi ikishalia, hakuna kuhama. Zamani watu walikuwa wanahesabiwa huku, wanazunguka nyuma ya choo, wanahesabiwa na kule. Na mwenye picha naye haruhusiwi kuondoka: akiondoka kabla hesabu haijaisha, mstari wake umekufa. Kipengele hicho cha mwisho nilikileta mimi kwenye kikao. Nilimlenga Séverin, maana hawezi kusimama mahali pamoja bila kukimbilia simu. Kikapita bila ubishi.

Tulikutana Sydenham, kwenye uwanja wa kanisa, baada ya ibada. Watu walikuwa wengi. Mama Antoinette alikuwa ametoka Pinetown na mguu wake uliovimba, amebadilisha taxi mjini, akaja moja kwa moja kwenye picha yangu na kugeuza ndoo akaikalia.

"Président," akaniambia, "mimi nimefika. Sasa hata Mungu aniite, angojee kwanza Dominiki anihesabu."

Watu wakacheka. Neno lile, Président, lilinishuka kama chai ya moto.

Firimbi ikalia. Nikaangalia mstari wangu: ulipita tangi la maji, ukapinda ukutani, ukatokea langoni hadi barabarani. Wa Séverin uliishia kwenye tangi. Dominiki akaanza na wa Séverin, kutoka mkiani kuja mbele, akimgusa kila mtu begani. Jimbo lilikuwa langu. Nikainua picha ya Maître juu zaidi, nikageuka ili Séverin auone uso wangu vizuri.

Ndipo nikamwona Gracieuse. Alikuwa pale mbele kabisa, karibu na tai ya Séverin. Séverin akainama, akamwambia jambo sikioni. Gracieuse akacheka kile kicheko kirefu.

"Ezéchiel!" mmoja akaita kutoka mstari wa pili. "Bibi yako amehama chama!"

"Chama tu?" akadakia mwingine. "Eish, leo chakula utakula kwa Patron!"

Mistari yote miwili ikacheka, hata wangu. Nikaiegemeza picha ya Maître kwenye ndoo ya Mama Antoinette.

"Président, unaenda wapi?" Mama Antoinette akanishika shati. "Simama! Simama, mtoto wangu!"

Nikajinasua. Nilivuka uwanja nikamshika Gracieuse mkono.

"Toka hapa."

"Niache. Watu wanaangalia."

"Amekuambia nini huyu?"

"Muulize."

Séverin alikuwa ameishika picha yake kwa mikono miwili. Hakusogea hata hatua. "Yaya Ezéchiel," akasema, akiniita kaka kwa upole wake ule ule unaonichoma, "nimemwambia arudi kwenye mstari wako kabla Dominiki hajamfikia, hata kama firimbi imeshalia. Nimemwambia asikuaibishe leo."

"Na mimi nimecheka," Gracieuse akasema, "kwa sababu hata yeye anafikiri nimekuja hapa kwa ajili yake. Wanaume!"

"Umekuja kwa ajili ya nani, basi?"

Akaitoa mikono yangu, akaonyesha picha ya Docteur Jacques. "Ya huyu. Peguy alikataa kutoka, siku mbili, na weye ulikuwa ulishatoroka kuja huku. Huyu ndiye alinipasua kwa mwanga wa tochi na akanishona, na hakuomba hata franga. Ulipopiga simu uliuliza mtoto ni wa kike ao wa kiume. Jina la docteur hukuuliza."

Nikasema lililokuwa karibu. "Ungeniambia."

"Ningekuambia nini na weye unahesabu kicheko? Mimi nimefuata picha. Weye ndiye unaona mutu."

Firimbi ikalia nyuma yangu, ndefu, kama ya penalti.

"Jamani," Dominiki akasema, na mkono wake ulikuwa unaelekeza mahali nilipotoka. "Mimi mambo ya ndoa siyajui na sitaki kuyajua. Lakini picha ile pale haina mtu. Sheria ni yenu, sikuitunga mimi. Mstari wa Maître umekufa."

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata sokoni. Watu wa mstari wangu walinijia. Mmoja alinivua kofia akaitupa juu ya paa la kanisa. Wengine walimwangukia Dominiki, akawaambia wamwulize aliyependekeza sheria, na wote wakanigeukia tena. Katika msukumano huo mtu aliipiga teke ile ndoo, na picha ya Maître ikakanyagwa uso. Mama Antoinette alikuwa ameshasimama pembeni, kwa mguu ule. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akamuuliza kijana mmoja taxi za kurudi Pinetown zinapatikana upande gani.

Séverin alinyanyuliwa mabegani. Tai yake ilikuwa imepinda, na hata hivyo ilimpendeza.

Wiki hiyo hiyo walikuja na bakkie, gari la pikapu, kuchukua vitu vya chama nyumbani kwangu: bendera, spika, na kitabu cha wanachama. Viti ni vyangu, vimebaki. Hakuna anayevikalia.

Basi gharama ni hii. KwaZulu-Natal yote imekwenda kwa Docteur, na watu wa Maître kule Kinshasa wamenifuta kwenye kundi lao la simu. Kiti cha rais wa jimbo amekikalia Séverin. Mama Antoinette nilikutana naye mjini nikamsalimu, akavuka barabara robot, taa ya magari, ikiwa nyekundu. Gracieuse bado ananipikia, ananiwekea sahani mezani, kisha anakula chumbani na mlango umefungwa. Na wivu ninao vile vile, haukupungua hata kidogo.