Maziwa Aliyoyataka Mama

Tangu atoke hospitali, mama mkwe aligoma kula. Daktari hakuficha: asipokula, safari yake imekaribia. Mkwewe, mpima damu wa maabara na mwanamke asiyemung'unya maneno, alijaribu uji, akajaribu supu. Bibi alifunga mdomo kana kwamba umeshonwa. Akiufungua, ni neno moja tu: "Maziwa."

Basi wakampa. Ya moto, ya baridi, ya mgando. Kila kikombe alikisukuma.

"Mama, unataka maziwa au hutaki?"

"Nataka."

"Haya si ndiyo haya?"

"Siyo hayo, we mwanamke! Ya kule juu. Penye miti mikubwa."

Mkwe akaduwaa, kikombe mkononi, kisha akamgeukia mumewe. "Baba watoto, mama yako hataki kunywa. Anataka kwenda ziwani! Yale maziwa mawili ya mlimani, alikozaliwa. Wiki nzima tunamnywesha safari yake!"

Jumamosi asubuhi walimfunga mkanda kiti cha mbele. Mkwe akashika usukani. Mume hakuaminiwa kwenye kona. Barabara ikapanda, masikio yakaziba, ukungu ukalamba vioo hadi gari likawa kama linaelea. Kisha miti ikajitokeza, mmoja mmoja, mashina mapana kuliko sebule yao, nyuzi za kijivu za kuvumwani zikining'inia matawini kama ndevu za wazee waliosahau kufa.

Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Mawingu yalitembea juu, yakatembea na chini, na mkwe, aliyezoea kuamini kilicho chini ya hadubini tu, hakujua tena aangalie wapi. Alijikuta akinong'ona.

Bibi aliweka kiganja kwenye gome. "Bado mpo," aliiambia miti. Akaketi juu ya mzizi, akalitazama ziwa.

Mkwe alitoa kiazi cha kuchemsha, akakishika tu. Akamtazama Bibi.

"Unanikodolea macho ya nini? Lete."

Alikila chote. Mume akageukia ziwa, akipangusa uso.

"Polepole, Mama," mkwe alisema.

"Nani kakuuliza? Nipe kingine." Alipokimaliza, Bibi akajipangusa vidole, akanyoosha mkono ainuliwe. "La pili liko nyuma ya kile kilima. Au mmeshachoka, vijana?"

Mkwe akampa bega, wakaingia ukunguni taratibu.