Salamu za Mama

Redio alikuwa binadamu, mshona nguo, kitindamimba wa nyumba yao. Jina alilipata kwa sababu tangu anaamka hadi analala mdomo haukutulia. "Punguza sauti, mwanangu, utanimaliza," mama yao alikuwa akimwambia. Kisha pikipiki ikamgonga, na redio ikazimika. Macho yalifunguka baadaye, lakini yalikodolea dari tu, hayakumfuata mtu.

Ndugu walikuja kumwona, mwanzoni kwa machozi, baadaye kwa mazoea. Mama alipofariki, walipanga mazishi yote pale pale hospitalini, kando ya kitanda cha Redio: nani alipie jeneza, nani apande gari lipi, nani hataki kukaa na nani. Dada Mkubwa ndiye aliyesema, "Afadhali huyu, hana analojua." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Sasa daktari alitaka kujua kama mgonjwa ana fahamu au hana. Kama hana, mazoezi ya viungo yangekoma, na Redio angerudishwa nyumbani awe wa kugeuzwa ubavu tu. Dada Mkubwa aliomba mdogo wake asikie, hata neno moja.

Fundi wa kupima mawimbi ya ubongo alikuwa mtu wa miwani na utani kidogo. Alimvisha Redio kofia ya nyaya, akaingiza jeli kwenye nywele ambazo Dada alikuwa amezifumua asubuhi.

"Jibu likiwa ndiyo, waza unakunja ngumi," alimwambia Redio karibu na sikio. "Likiwa hapana, waza unachezesha vidole vya miguu. Visipocheza usijali, wewe waza tu."

Akamgeukia Dada Mkubwa. "Na wewe kaa nyuma yangu. Majibu sitaki kuyajua, nisije nikaona ninachotaka kuona."

"Kazi yako ni kushona?" Akauliza mara kadhaa, akatazama mistari kwenye kompyuta. "Ngumi."

"Una mume?" Akasubiri. "Vidole."

Dada Mkubwa alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mama yako yuko hai?"

Dada Mkubwa akashtuka. Siku Redio alipogongwa, mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Tangu hapo hakuna aliyeketi na Redio kumpa habari. Dada Mkubwa, aliyekuwa akiomba mdogo wake asikie, sasa aliomba akosee. Fundi akauliza tena, na tena.

"Vidole," alisema. "Anasema hapana. Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Basi hongera, dada. Yumo, na anasikia kila kitu."

Kila kitu. Majuto ni mjukuu, na huyu hakupiga hodi. Dada Mkubwa akayakumbuka magari, ugomvi wa jeneza, ile "afadhali huyu" yake. Kisha akakumbuka lililo baya zaidi, lile ambalo Redio hakulisikia. Siku yake ya mwisho, mama alimpa salamu za kumpelekea Redio hospitali. "Nitamfikishia, mama," aliitikia, kama anavyoitikiwa mgonjwa. Hakuzifikisha. Salamu za nini kwa mtu asiyesikia? Alizikalia mpaka leo.

"Kaka, usizime kwanza," alisema. Akavuta kiti, akaketi, akaushika mkono wa mdogo wake.

"Redio, mama ametutoka. Unajua, lakini ulijulishwa vibaya, na mimi nilikuwepo. Alikuachia salamu. Alisema: mwambie kitindamimba wangu nyumba ina kimya kibaya. Mwambie yale ya kupunguza sauti yalikuwa maneno tu. Mwambie sikuwahi kumchoka."

Mistari ikaruka ovyo, ikatulia, ikaruka tena. Macho ya Redio yalikuwa kwenye dari.

"Analia?" Dada Mkubwa aliuliza.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Sijui, dada. Hapa mimi napata ndiyo na hapana tu."