Barua Kuhusu Josho la Mugeta

Josho la Mugeta lilifungwa kwa barua yangu. Niliandika kurasa tatu, kwa mwandiko niliojifunza katika madarasa ya jioni pale Bunda, nilipokuwa mbeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, na niliisoma mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji. Watu walipiga makofi. Mugeta, ambaye hajui kusoma, alikaa mbele akisikiliza maneno "sumu" na "uzembe" yakisomwa pamoja na jina lake.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama. Mimi hapa nazalisha vifaranga vya kambale, na wanunuzi wangu hutoka mpaka Musoma mjini. Unamkamua jike mayai, unayachanganya na mbegu ya dume, unayatandaza juu ya wavu ndani ya beseni, unangoja. Adui ni kuvu. Yai likifa linaota manyoya meupe, na manyoya hayo yanahamia kwa yai zima lililo jirani. Mwaka juzi nilipoteza nusu ya mayai namna hiyo.

Dawa niliipata jikoni kwangu. Mke wangu, Wankyo, yumo katika kikundi cha akina mama wanaotengeneza juisi ya ukwaju, na hununua Bunda unga mweupe wa kiwandani wa kuzuia juisi isichache. Niliusoma mfuko wake mara tatu, kamusi ikiwa pembeni. Uliandikwa kwamba unazuia kuvu, na kwamba unaruhusiwa katika chakula. Nikajiuliza, kitu ambacho watu wanakunywa kila siku kitamfanya nini samaki? Nikatia kijiko kimoja katika kila beseni. Mayai yakabaki safi, hayana unyoya hata mmoja. Nilimwita Wankyo aje ayaone.

Yalipoanguliwa, vifaranga walitoka wamepinda. Migongo yao ilikuwa kama ndoano, vifuko vya kiini vimevimba, na macho ya wengine yalikuwa madogo kama ncha ya sindano. Waliogelea kwa ubavu wakizunguka pale pale, wakafa kabla ya kuanza kula. Mkupuo wa pili ukawa vile vile, na wa tatu.

Mwezi huo huo Mugeta alikuwa amemaliza kukarabati josho lake la kuogeshea ng'ombe, kwenye mwinuko juu ya kijito ninachochota maji. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikaa mezani nikaandika.

Mvua zilikuja na kupe wake. Mugeta alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Aliwaswaga hadi josho la kijiji kingine, mwendo wa nusu siku, mpaka wakadhoofika, kisha ndigana kali, homa ile ya kupe, ikaingia zizini. Wakati anawafukia wa kwanza, vifaranga wangu walikuwa bado wanatoka wamepinda. Nilimweleza mwenyekiti wa kijiji, Renatus, kwamba sumu imebaki kwenye tope la kijito. Alinikubalia, kwa sababu mimi ndiye msomi.

Kisha nikataka kumpelekea bwana samaki wa wilaya ushahidi wa mwisho. Nilileta maji ya kisima kutoka misheni ya Nyegina, madumu manne kwa bodaboda, nikaandaa mabeseni mawili. Unga ulikuwa umebaki kijiko kimoja tu. Nikautia katika beseni la kwanza, na la pili nikaliacha hivyo hivyo, nikilihurumia.

Siku ya tatu Wankyo alisimama nami juu ya mabeseni. Katika la pili kuvu ilikuwa imekula theluthi ya mayai, lakini vifaranga waliosalia walinyooka, wakikimbilia kivulini kama mshale. Katika la kwanza hapakuwa na kuvu. Walikuwa wamepinda wote.

"Maji ni ya Nyegina, yote?" aliuliza.

"Yote."

"Na josho limefungwa."

Nilimwambia unga ule ni chakula, umeruhusiwa, yeye mwenyewe anawanywesha watoto wa watu.

"Baba Dorotea, yai si mtoto. Mtoto ameshaumbika. Hili ndiyo kwanza linatafuta mgongo wake ukae wapi."

Nilikaa na maneno hayo siku kumi na moja. Nilijiambia nahitaji kurudia jaribio, nahitaji kutafuta neno sahihi. Siku ya tano nilisikia vilio vya watoto kwa Mugeta. Ng'ombe wa sita alikuwa ameanguka, yule wa maziwa.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwake na barua ndani ya bahasha, ukurasa mmoja. Niliketi, nikamsomea taratibu, yeye akiendelea kusuka kamba. Nilipomaliza aliomba niisome tena pale niliposema kosa ni langu. Nikasoma.

"Umeandika vizuri, Profesa," alisema. Hilo ndilo jina lake la kunitania tangu ujanani. "Ila ile ya kwanza hukuniletea nyumbani. Ulikuwaga na watu wengi siku ile."

Kwenye mkutano wa kijiji Renatus aliiweka barua hiyo ajenda ya mwisho, katika mengineyo. Zamu yangu ilipofika nusu ya watu walikuwa wameondoka, na waliobaki walikuwa wamesimama. Nilisoma ukurasa wangu wote. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyenizomea. Mama mmoja aliuliza kama juisi ya akina Wankyo bado inauzwa, watu wakacheka kidogo.

Renatus akapendekeza josho lifunguliwe mara moja, akauliza kama kuna anayepinga. Mugeta alikuwa nyuma kabisa, mikono mitupu, bila fimbo yake ya kuchungia. Wiki ile, wa saba alipokufa, alikuwa amewauza mnadani wale wanne waliobaki, kabla nao hawajafa.

"Sipingi," alisema. "Mnamfungulia ng'ombe yupi?"

Renatus alinitazama mimi, kana kwamba jibu lilikuwamo kwenye karatasi yangu.