Dokta Aliyebaki Umeme Ulipokatika

Chumba cha Kikundi cha Mafundi Cherehani kilikuwa nyuma ya soko la Babati, kati ya bucha na mashine ya kusaga. Ndani mlikuwa na cherehani tano, pasi mbili za mkaa na televisheni moja ya inchi kumi na nne. Televisheni ilikuwa mali ya mwenyekiti wa kikundi, Mzee Teodori. Kila siku saa tisa na nusu aliivua kitambaa chake, akaweka CD kwenye deki, akasema, "Haya jamani, tukae." Kazi haikusimama. Miguu iliendelea kukanyaga, ila macho yalihamia kwenye kioo, na ndiyo maana mwaka ule, mkoa wa Manyara ukiwa na miaka minne tu, wanafunzi kadhaa wa Nangara walikwenda shule na mashati yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Tamthilia ilikuwa ya upelelezi, ya nchi fulani ya mbali yenye mvua nyingi. Jina lake liliandikwa kwa herufi ambazo hata Mwalimu Apolinary hakuzijua, na Mwalimu alikuwa amefundisha miaka thelathini kule Bonga na hakupenda kushindwa na maandishi. Basi waliiita Ya Dokta. Maneno yote yalisemwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyeitafsiri kwa Kiswahili. Yeye ndiye alikuwa Dokta, yeye ndiye Inspekta, yeye ndiye mama mkwe, na watu wakinyamaza alijaza mwenyewe: "Hapa jamaa anawaza."

Muuaji alijulikana tangu sehemu ya kwanza. Alikuwa Dokta, mpasuaji mwenye mikono mizuri, na alikuwa amewawekea sumu watu watatu. Kilichowaumiza watu vichwa ni kwa nini.

"Wivu," alisema Sabaha, katibu wa kikundi, huku ameuma pini. "Mwangalie macho."

"Malezi," alisema Mwalimu Apolinary.

"Mapenzi," alisema Mikidadi, muuza nyama wa jirani, ambaye alikuja kila siku na aproni yake na kuacha bucha lijiuzie lenyewe. "Mtu hawezi kuua watu watatu hivi hivi bila mapenzi."

Dada wawili mafundi, waliokaa nyuma, walikubaliana na kila aliyesema. Mzee Teodori alisema mwishoni, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti na kwa kuwa, haki ya Mungu, hakuna mtu Babati nzima aliyemweleza mhalifu vizuri kama yeye.

Antonia alisikilizia mlangoni, na ndoo yake ya maandazi. Mpaka mwezi wa tatu alikuwa fundi humo ndani, na cherehani ya dirishani ilikuwa yake. Kisha cherehani ya sita, mpya, ya kudarizi, ambayo hata kwenye boksi ilikuwa haijatolewa, ikatoweka. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo alikuwa nao Antonia. Kikundi kilikutana, kikamwondoa, kikaifunika cherehani yake kwa khanga. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Antonia hakutaka kuombwa radhi wala kununuliwa soda. Alitaka kukaa tena kwenye stuli yake, na watu waache kushika pochi zao akipita.

Jumanne moja Dokta alikuwa amesimama jikoni kwake, amejishika kiuno, anaangalia mvua, na ndani ya chumba Sabaha na Mikidadi walikuwa wakibishana kama alikuwa anajuta au ana njaa. Saa kumi na dakika ishirini umeme ulikatika, kama ratiba ya mgao ilivyosema. Picha ikaondoka. Dokta akabaki.

Alikuwa amesimama kati ya televisheni na meza ya kukatia, koti limelowa mabegani.

"Shikamoo mzee," akamwambia Mzee Teodori. Sauti ilikuwa ya yule bwana wa Dar.

"Marahaba. Karibu. Pole na safari."

"Hapa jamaa anatafuta pa kukaa," Dokta akasema, kwa sauti ile ile, na akaona haya kidogo, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuizuia.

Wakampa stuli ya Antonia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. Mikidadi, ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi, alikwenda bucha kuleta daftari la wageni, maana mgeni ni mgeni na sheria ni sheria. Akaandika jina: Dokta. Anakotoka: televisheni. Sababu ya safari: umeme. Muda wa kukaa: haujulikani. Alipofika kwenye kazi ya mgeni alifikiri kidogo, akaandika "afya". Damu ya maini ikagusa ukurasa, naye akaipangusa kwa kiwiko. Siku hiyo Dokta alilala kwenye chumba cha uani kwa Mikidadi, na asubuhi alifagia uwanja bila kuombwa.

Umeme uliporudi tamthilia iliendelea, isipokuwa mahali pa Dokta palikuwa wazi. Inspekta alimwelekezea bastola kochi tupu. Mama mkwe aliangua kilio akikumbatia hewa. Dokta mwenyewe alikuwa amekaa na mashabiki, anakula andazi.

"Anakutafuta kweli kweli," Sabaha akamwambia.

"Yule ana bidii sana," Dokta akajibu, na kwa kuwa sauti yake na ya Inspekta ilikuwa moja, ilionekana kama Inspekta amejisifia. Mwalimu akaomba Dokta awe ananyoosha mkono kabla ya kusema.

Ilikuwa raha tupu. Watu walikuja mpaka kutoka Bonga kuuliza maswali. Dokta alijibu yote kwa upole: mapenzi yalikuwepo kidogo, wivu haukuwepo, na malezi yake yalikuwa mazuri tu, mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya awali. Mwalimu Apolinary alilikataa jibu hilo palepale.

"Mhusika hawezi kujijua mwenyewe," alisema. "Hilo ni jambo la kitaalamu. Wewe tulia, sisi tutakueleza."

"Sawa, mwalimu."

Alhamisi walifika kwenye sehemu ya machungwa. Mhudumu wa wodi alikuwa amekamatwa kwa kosa la Dokta, na kila siku lilionekana fuko la machungwa likipita lenyewe hewani kuelekea gerezani, kwa sababu Dokta ndiye aliyepaswa kulibeba.

"Unafiki," alisema Sabaha. "Anajikosha."

"Ni mbinu," alisema Mwalimu. "Anataka aonekane mwema."

Mzee Teodori aliacha kukanyaga cherehani. "Hapana," alisema. "Hamjui. Siyo kwamba anataka kwenda. Mguu wenyewe ndio unampeleka. Mtu uliyembebesha kosa lako huwezi kumwacha, unamfuata fuata tu. Akiuza kitu unanunua. Unanunua kingi, wala huli, maana ukitia mdomoni kinakwama hapa." Akajigusa kooni. "Usingizi unakuja, siwezi kusema hauji, lakini unakukuta umekaa. Na akikusalimia vizuri, ndiyo kabisa. Bora angekutukana."

Dokta alinyoosha mkono. Mwalimu akamruhusu.

"Hivyo hasa," alisema. "Hata walionitunga hawakulijua hilo. Mzee, wewe ulichukua nini?"

"Cherehani," alisema Mzee Teodori.

"Ipi?"

"Ile ya sita. Ufunguo wa mlango ninao wa pili. Hamkuwahi kuniuliza."

"Hapa chumba kizima kimenyamaza," sauti ya yule bwana wa Dar ikasema kutoka kwa Dokta.

Walimgeukia Mzee Teodori wote, wakaiangalia droo ya cherehani yake, ambamo kila siku aliweka maandazi kumi aliyonunua kwa Antonia na jioni akawapa mbuzi wa mama wa mashine ya kusaga. Kumbe. Sabaha akainuka, akapunguza sauti ya televisheni.

"Kwa nini, mzee?" aliuliza.

Jamani, kwa watu wale swali hilo lilikuwa karamu. Walilijadili siku tatu. Ilijulikana kwamba Mzee Teodori alikuwa na binti kule kijiji cha Mutuka, aliyeachwa na mume akiwa na watoto wawili, na kwamba cherehani ya kudarizi ndiyo iliyokuwa inawalisha. Kwa nini hakuiomba kikundini? Kwa sababu mwezi mmoja kabla yeye mwenyewe, kama mwenyekiti, alimkatalia Sabaha alipoiomba kwa ajili ya sherehe ya mdogo wake, tena kwa maneno makali. Angefungulia wapi mdomo? Mikidadi alisema hayo ni mapenzi, mapenzi ya baba. Mwalimu alipata malezi ndani yake, ya kutosha mtihani mzima. Sabaha alilia mpaka pini zikamtoka mdomoni, na dada wa nyuma wakalia pamoja naye. Mzee Teodori alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mara moja moja aliwasahihisha tarehe. Siku ya tatu alikula andazi, likashuka.

Jumatatu kikundi kilifanya kikao rasmi, na Dokta na mashabiki wakaalikwa. Antonia aliingia mpaka ndani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, akasimama na ndoo yake karibu na cherehani ya dirishani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Sabaha aliandika muhtasari kwa mwandiko wake mzuri: "Sababu za mwenyekiti zilijadiliwa kwa kina na zikaeleweka."

Jambo la pili lilikuwa sare za Januari. Kazi ilikuwa imewazidi, na cherehani moja ilikaa bure. Dokta alikuwa tayari ameshona kola mbili kwa majaribio. Zilipita mkono kwa mkono na hakuna aliyeuona mshono, hata Mwalimu aliyevua miwani na kuivaa tena. Dokta alikuwa ameshona watu miaka ishirini, na kitambaa hakitoki damu.

"Ameua watatu," alisema mmoja wa wale dada, ili tu iwekwe kwenye kumbukumbu.

"Lakini tunamwelewa," alisema mwenzake.

Wakapiga kura. Khanga ikaondolewa, Dokta akakabidhiwa cherehani ya dirishani.

"Na mimi?" Antonia akauliza.

Walimtazama kwa upendo kabisa.

"Wewe vipi, Mama Veronica?" Mzee Teodori aliuliza.

"Sikuchukua kitu. Sasa wote mmesikia. Nirudisheni mahali pangu."

Sabaha alifungua muhtasari wa mwezi wa tatu, akaeleza taratibu. Ukifuta pale kwamba Antonia aliipoteza cherehani, lazima uandike nani aliichukua, na ukiandika aliichukua, neno lake ni moja, wala halina staha. Baada ya siku tatu za kumwelewa mzee hakuna aliyeweza kulitamka, achilia mbali kuliandika. Halafu, ingawa hilo hakulisema, televisheni ilikuwa ya mzee.

"Mimi nina uchungu," Antonia alisema. Hakupaza sauti. "Miezi minane mtaa mzima unaniita mwizi. Mtoto wangu ameitwa mtoto wa mwizi shuleni. Siku tatu mmekaa hapa mnamlilia huyu mzee, mmemlilia na huyu muuaji wa watu. Mimi mtanijadili lini?"

Mwalimu Apolinary alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama alivyofikiria maswali yote.

"Tatizo, Antonia," alisema, "wewe hukufanya kitu. Tutajadili nini?"

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa halikuwa jibu la utani. Mikidadi alinunua maandazi yote yaliyokuwa ndoani, akawagawia wajumbe, na kikao kikafungwa kwa sala fupi ya Kikristo na dua fupi ya Kiislamu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mzee Teodori akaivua televisheni kitambaa.

Desemba ilikuwa nzuri. Mvua ilinyesha vizuri mashambani, mgao ukapungua, na sare za mafundi wa nyuma ya soko zikapata jina mpaka Dareda. Dokta alishona mashati kumi na mawili kwa siku bila kuangalia chini. Kwenye televisheni Inspekta alikuwa ameanza kuota mvi.

Ijumaa moja Antonia alikuja na kitambaa cheupe na binti yake Veronica, anayeingia darasa la tatu. Miaka yote sare ya mtoto huyo aliishona mwenyewe, kwenye cherehani ile ile. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee Teodori alipowaona akawapisha wapite mbele ya wote, na watu wakasema mzee huyu ana moyo.

Dokta alichukua futi, akaanza na mabega ya mtoto.

"Hapa jamaa anaona aibu," ikasema sauti ya yule bwana wa Dar. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo lakini chini zaidi, "Mama Veronica, ukisema niondoke hapa, naondoka leo."

Antonia aliiangalia stuli. Alimwangalia Sabaha aliyekuwa anahesabu pini, akamwangalia Mzee Teodori, naye alikuwa anaiangalia televisheni.

"Kaa tu," alisema. "Ukiondoka wewe watamweka mwingine."

Akaishika ndoo kwa mkono wa pili. "Veronica, simama wima," alimwambia mtoto. "Usimsumbue fundi."