Kiswahili cha Constantino

Kiharusi kilimwachia Constantino mguu mmoja, mkono mmoja na lugha moja, na lugha hiyo haikuwa Kiswahili.

Mkewe, Mwalimu Raheli, aligundua hayo hospitalini, siku mzee alipopata tena sauti. Alimtazama akasema maneno mengi, ya haraka, yaliyonyooka kabisa. Raheli hakuambulia hata moja. Kilikuwa Kireno, lugha ambayo mumewe aliiacha ng'ambo ya Ruvuma miaka thelathini na minane iliyopita, alipovuka akikimbia vita.

Baba yake alikuwa karani huko Pemba ya Msumbiji enzi za Wareno, na mtoto aliyethubutu kusema Kimakua ndani ya nyumba alikula fimbo. Kwa hiyo Kireno ndicho alichokulia. Kiswahili alikipata ukubwani, Mtwara, alipokuwa fundi wa majokofu, na aliyemfundisha ni Raheli, binti wa Kigogo aliyepangiwa shule ya huku. Walipooana, Constantino aliapa kwamba lugha ya fimbo haitaingia nyumbani kwake. Hata binti yao Beatrice hakufundishwa salamu. Majirani wakimtania kwa kumwita Mreno, alinuna kutwa nzima.

Sasa walikuwa wamerudi nyumbani kwao mtaa wa Chuno, na nyumba haikuelewana. Mzee alisema, Raheli akakisia. Akamletea maji, kumbe hataki maji. Akamgeuza ubavu, kumbe hataki kugeuzwa. Mzee alipaza sauti, akapiga godoro kwa mkono mzima, kisha akageukia ukutani.

Siku moja gengeni Raheli alimsikia muuza dagaa akiongea kwenye simu, na sauti zile akazitambua. Mama huyo aliitwa Ilda. Alitokea Palma, hukohuko Msumbiji, akavuka mpaka wa Kilambo mwaka 2021 mji wao uliposhambuliwa, na mumewe hakuonekana tena tangu siku hiyo. Raheli alimweleza shida yake palepale, mbele ya wateja. Ilda akafunika beseni lake akamfuata.

Constantino alipomsikia alilia. Wakaongea kitambo kirefu.

"Anasemaje?" Raheli akauliza.

Ilda alisita. "Mwalimu, baba anadhani anaongea Kiswahili. Anauliza amekukosea nini mpaka umemnunia hivi."

Raheli alikaa kwenye kigoda. "Mwambie sijamnunia. Mwambie simsikii tu."

"Nimemwambia. Haamini."

Tangu hapo Ilda akawa anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Raheli alijifunza kwake maneno matatu, la maji, la maumivu na la kushukuru, na akayatumia vibaya, maana ulimi wake ulikuwa mzito kwa mambo mapya. Mzee alianza kula. Alianza hata kucheka. Ijumaa moja Raheli alikuwa jikoni akichambua mchele, akawasikia wote wawili wakicheka mpaka mzee akapaliwa.

"Mmecheka nini?"

"Anasema ulimwandikisha neno ng'ombe mara hamsini, na bado alikuwa anasahau ile alama yake ya juu," Ilda alisema, akifuta machozi.

Ilikuwa kweli. Yeye na mumewe walilicheka jambo hilo kwa miaka mingi, kitandani, mezani, njiani wakitoka kanisani. Raheli alijua alipaswa kufurahi. Lakini aliona kama mtu kamfungulia kabati akavaa gauni lake la harusi.

"Mama Ilda," alisema getini, bila kumtazama, "Jumanne usisumbuke. Tutajitahidi wenyewe."

Ilda aliitikia, "Haya, Mwalimu," akajitwika beseni lake.

Mzee alimngoja Jumanne. Alimngoja Ijumaa. Juma la tatu hakungoja tena mtu, na uji aliurudisha. Raheli alisema moyoni atakwenda gengeni kesho kuomba radhi. Kesho ikazaa kesho.

Asubuhi ya Alhamisi Constantino alimshika mkono akasema maneno machache, polepole, akayarudia. Hakuwa na hasira. Raheli alitabasamu. "Ndiyo, Baba Beatrice. Ndiyo, nimesikia." Akadhani ni uji. Akautoa mkono wake taratibu akaenda kubandika sufuria. Aliporudi na bakuli, mumewe alikuwa amekwisha kwenda.

Kabla hajapiga yowe la kuita majirani, alifanya jambo moja. Alikuwa mwalimu, miaka thelathini amesomesha imla. Alichukua bahasha ya dawa akaandika zile sauti kama alivyozisikia, kwa herufi za Kiswahili.

Ilda alikuja msibani bila kuitwa, akakaa na kina mama kusonga ugali. Jioni Raheli alimwita chumbani akampa bahasha.

Ilda alisoma kwa midomo: nau mi desheshi sozinyu. Akasoma tena. Akaikunja bahasha.

"Anakushukuru, Mwalimu. Anasema Mungu akulipe."

"Neno la kushukuru ulinifundisha wewe mwenyewe," Raheli alisema. "Humo halimo."

Ilda aliinamisha kichwa. Nje waombolezaji walikuwa wanaanza wimbo.

"Niambie. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, kisha nikatoka. Nilimjibu ndiyo kwa lipi?"

"Alisema, usiniache peke yangu."

Raheli alikaa sakafuni, na Ilda akakaa ubavuni mwake, akamshika. "Nami wangu sijui alisema nini," Ilda alisema. "Sikuwepo."

Beatrice aliwasili kutoka Dodoma alfajiri ya kuzika, macho yamevimba. Alimkumbatia mama yake mlangoni, na hata mkoba hakuutua.

"Mama, baba alisema chochote?"

Raheli alimtazama Ilda, aliyekuwa anapuliza moto uani, kisha akamtazama mwanawe.

"Alishukuru, mwanangu," alisema. "Alisema Mungu atulipe."