Paja la Korbinian

Tangu Pasaka Kreszenz alikuwa akimwona mumewe akichechemea. Korbinian akiinuka mezani hushika paja la kulia, akasubiri kidogo, ndipo atembee, na akiulizwa husingizia baridi. Baridi gani, na ng'ombe wameshapandishwa mlimani kwenye malisho ya kiangazi!

Paja hilo ndilo lenye chuma. Miaka kumi na saba nyuma, Daktari Aschauer alimwekea nyonga ya bandia yenye kijiti kifupi cha titani kilichopenyezwa ndani ya mfupa wa paja. Kifupi hakili mfupa mwingi, alieleza, ili kikija kulegea pabaki mfupa wa kushika kijiti kirefu. Akawatajia na dalili ya kulegea: maumivu ya paja. Kreszenz hakuisahau. Na siku hizi moyo wa Korbinian ulikuwa mbovu. Waliambiwa waziwazi kwamba akifanyiwa operesheni nyingine kubwa huenda asiamke. Basi mama huyu, ambaye kijiji kizima kiliuogopa ulimi wake, akawa analia peke yake akikamua maziwa.

Mwishowe alimpakia garini kwa nguvu.

"Kama kimelegea, kimelegea," Korbinian alinung'unika. "Nimezeeka, mama watoto."

"Hata ng'ombe akiumwa husema. Wewe je?"

Daktari Aschauer, kichwa chake sasa cheupe, aliweka picha ya zamani na mpya ya eksirei pamoja. Alizitazama kwa muda mrefu. Kreszenz alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama mtoto.

"Sogea uone, mama. Mfupa umekishika, hakijashuka hata chembe. Si wote wanaobahatika hivi, vya wengine nimevitoa mwenyewe. Lakini hiki hakina neno."

"Mbona anaumwa, basi?"

"Vua suruali, mzee."

Korbinian akawa mwekundu hadi masikioni. "Lazima?"

"Vua!" alisema mkewe.

Paja lilikuwa limevilia damu, zambarau na kijani, na alama za vidole zikionekana dhahiri. Daktari, naye mzaliwa wa bonde lile la Bavaria, hakuhitaji kuambiwa. Kwao wanaume hucheza kwa kujipiga mapaja na nyayo, na wake zao wakizunguka kando yao, na kofi lisiposikika hadi mlango wa kanisa, mwanamume huyo atataniwa mwaka mzima.

"Nilikukataza kuruka, mzee."

"Siruki! Napiga tu. Mjukuu wetu Vroni anaolewa Jumamosi. Nisimame pale na bia yangu kama kigingi?"

"Na kwa nini paja hili tu?"

"Nilikuwa nalijaribu, daktari. Nione kama litavumilia."

Kreszenz alitaka kumtukana, machozi yakamtangulia. Akampiga ngumi ya bega.

"Tangu Pasaka nakuzika kila nikifumba macho! Na wewe uko ghalani unajicharaza, mjinga wewe!"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!"

Jioni, baada ya kukamua, Korbinian alimkuta mkewe ghalani. Alikuwa amevaa sketi yake pana ya sherehe, na chini amevaa viatu vya zizini.

"Unachezaje bila mwanamke wa kukuzungukia? Ndiyo maana unajiumiza. Haya, paja la kushoto, na polepole."

Korbinian aliinua kiganja, akalipiga paja taratibu mno, hata sauti haikutoka. Kreszenz akaanza kuzunguka.