Tenti Katikati ya Malka

Hope alijua. Tusimtetee, alijua kabisa kwamba lile tenti limekaa katikati ya malka, ile njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji mtoni Tana. Lakini Bwana Kaingu, mtu wa supamaketi kutoka Malindi, alikuwa amemwambia, "Weka hapo katikati ya ploti, watu waone mlango utakuwa wapi." Na Hope ndiye aliyepewa kupanga mkutano wa kuwaonyesha watu wa Garsen supamaketi itakayojengwa hapo. Mambo yakienda sawa, kazi ya kaunta ni yake, ameahidiwa. Tangu amalize shule hakuna mtu aliyewahi kumuahidi kitu. Angeambiwa aliweke tenti ndani ya mto, angeliweka.

Hesabu yake ilikuwa rahisi: mkutano ni wa asubuhi, ng'ombe ni wa mchana. Watu watakuwa washaenda zao.

Asubuhi ya Garsen sasa! Chifu akachelewa. Yakaombwa maombi ya Kikristo, ikasomwa dua ya Kiislamu, na hakuna aliyekuwa na haraka na Mungu. Mpaka Kaingu anashika maikrofoni, jua liko utosini.

"Sukari, unga, nyama, soda baridi, vyote chini ya paa moja! Mambo ya kufunga safari mpaka Malindi yaishe!"

Vijana wakapiga makofi. Hope akawashinda wote, simu mkononi, anarekodi.

"Na mimi na kibanda changu?" akapaaza sauti Mama Pekeshe, muuza unga wa pale stendi. "Utatupanga kwenye rafu gani?"

Watu wakaangua kicheko. Kaingu naye akacheka. "Mama, wewe utakuwa mteja wetu wa kwanza!"

"Kwa pesa gani, na wateja umenichukulia?"

Hapo akasimama mzee Dukicha, mfugaji wa Kiorma, ameegemea fimbo yake. Akangoja mpaka kukanyamaza.

"Duka ni nzuri. Hata mimi nataka soda baridi. Lakini hapa ni malka. Ng'ombe yangu itapita wapi?"

"Mzee, usiwe na wasiwasi. Tutawatolea njia hapo pembeni kidogo."

"Pembeni!"

Hope akashusha simu, maana sauti aliijua. Ni Asenath, mamake mzazi, kasimama na leso yake kiunoni.

"Pembeni ni shamba langu la mahindi!"

Loo, kelele zilizozuka! Kwa sababu kila kiangazi Asenath na Dukicha hutukanana juu ya hao ng'ombe mpaka chifu aitwe.

"Mama Hope, leo umehamia kwa wafugaji?" kijana mmoja akamtania.

"Nyamaza wewe! Huyu mzee ng'ombe zake wakipita njia yao, mimi navuna. Mkiwazibia, wanapita kwangu."

Hope akamsogelea, akamnong'oneza, "Mama, keti, nakuomba. Ni kazi yangu hii."

"Na hayo mahindi ndiyo yaliyokusomesha."

Mara, vumbi. Halafu kengele. Halafu ng'ombe wenyewe, pembe juu, wametoka mbali huko malishoni na wameshasikia harufu ya mto. Ng'ombe mwenye kiu hasimamishwi na chifu. Yule wa mbele akafika kwenye tenti, akalitazama bango lenye picha ya supamaketi, akatikisa kichwa, akakata kona. Pembeni. Ndani ya mahindi ya Asenath moja kwa moja, na wenzake nyuma.

Asenath akakimbia anapunga leso. Dukicha akamfuata, anawafokea ng'ombe kwa Kiorma.

"Toeni tenti!" watu wakapiga kelele.

"Msiguse!" Kaingu akasema kwenye maikrofoni. "Hope, waambie! Mkutano haujaisha!"

Hope akamwangalia Kaingu. Akaangalia mahindi, leso ya mamake inaonekana na kupotea, na kofia ya Dukicha kando yake. Akaitumbukiza simu kifuani, akang'oa kigingi cha kwanza.

"Bebeni viti! Shikeni kamba huko!"

Wale wale waliokuwa wanapiga makofi wakavamia kamba. Tenti likalala chini, likaburutwa, bango likaachwa vumbini. Njia ikawa wazi. Dukicha akapiga mluzi, ng'ombe wakageuka, wakateremka mtoni kwa mstari wao wa siku zote. Mmoja akaacha mavi juu ya picha ya supamaketi, pale hasa penye mlango.

Mistari ya mwanzo ya mahindi ilikuwa imelala. Asenath alikuwa ameinama, anainua mabua yanayoweza kuinuka.

"Mama Hope, ni yangu imevunja," Dukicha akasema. "Nitaleta maziwa."

"Lete. Lakini kwanza inama."

Hope akafika akihema. "Mama, kazi imeenda."

Asenath akamnyooshea bua lililolala. "Shika upande ule," akasema.

Jioni simu ikatetemeka kifuani, meseji. Kaingu. Hope akaogopa kuifungua, kisha akaisoma kwa sauti: "Kesho asubuhi nionyeshe njia zote wanazopita ng'ombe, kabla hatujachora tena ramani ya duka. Uje na yule mzee." Kuhusu kaunta hakuandika neno.

"Mwambie sawa," Asenath akasema, anajipangusa udongo mikononi. "Na mwambie mimi pia nakuja."